Siku kumi za mawe meusi: kutoka Dar hadi Ngazidja

Siku ya 1, Jumanne. Dar es Salaam

Ndege ni kesho mchana, lakini safari nimeianza leo alfajiri pale Coco Beach, maji yakiwa yamekupwa. Sikwenda kuogelea wala kula mihogo (mihogo nilikula, nisiseme uongo). Nilikwenda kutazama mawe. Nafundisha jiografia Mbagala, huu mwaka wa kumi na moja, na volkano nimeichora ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Chaki nyekundu ya magma, chaki nyeupe ya moshi. Kuikanyaga, sijawahi. Wifi yangu ameolewa Moroni, mji mkuu wa Komoro ulio kisiwani Ngazidja, miaka sita sasa, na kila Idi akipiga simu ananiuliza, "Wifi, utakuja lini uone hilo jiko unalowachorea watoto wa watu?" Likizo ya Juni imefika, nauli imekusanyika kwa mchezo wa upatu, basi naenda.

Nilitaka macho yazoee kwanza jiwe la nyumbani. La Coco Beach ni matumbawe yaliyokufa zamani: ukuta mfupi wa kijivu, mawimbi yameutafuna kwa chini, juu una ncha za kuchana nyayo. Ukiinama unaona bado sura ya tumbawe lenyewe, vijumba vidogo kama sega la nyuki, na makombe yaliyonasa humo. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, matumbawe yakaota, kisha maji yakashuka yakayaacha juani. Pwani yetu imekaa juu ya mawe hayo na mji umejengwa kwa mawe hayo: chokaa ya majumba ya kale, kokoto za Kunduchi, saruji ya Wazo. Visiwa vyetu vya Bongoyo na Mbudya ni hivyo hivyo. Kwa mtu wa Dar, kisiwa ni kitu bapa, cheupe, kilichojengwa taratibu na wadudu wa baharini.

Jioni Kariakoo, kutafuta maagizo ya wifi: khanga doti tatu, vitunguu, bizari, na sufuria ya kupikia wageni ambayo sijui nani alimwambia inaingia kwenye begi. Nikafika nyumbani nimechoka. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka tangu Jumapili, yakatoka saa tano usiku kwa presha ya mkojo wa paka. Nikakinga ndoo nne na madumu mawili, ndipo nikafunga begi.

Siku ya 2, Jumatano. Angani, kisha Hahaya

Ndege ilikuwa iondoke saa saba. Iliondoka saa kumi. Sababu hatukuambiwa, na waliokuwa wakiulizia walichoka kabla ya waliokuwa wakiulizwa.

Nilikaa na mama mmoja wa Kingazidja, mfanyabiashara, amejaza mizigo ya Kariakoo. Nilipompitishia chupa ya maji akasema, "Marahaba." Nikashtuka, sikumwamkia mimi, na kwa umri ule ningepaswa kumwamkia. Kumbe kwao marahaba ni asante. Tukacheka, nikamwamkia shikamoo ya kulipia deni, akaipokea kwa neno lile lile. Lugha zetu ni ndugu wa tumbo moja, na kama ndugu, wamegawana nguo vibaya. Maji ni madji. Tatu ni ndraru, tano ni ntsanu. Unaelewa nusu ya maongezi na nusu unaikisia, na mara nyingi unakisia vibaya kwa kujiamini.

Dirisha la kulia lilinionyesha Mafia na kingo zake za maji ya kijani. Baada ya hapo bahari tupu. Ni kama kilomita 700 hivi, haizidi saa moja na nusu. Halafu likatokea wingu moja limekaa peke yake, kubwa, halisogei. Chini ya wingu palikuwa na ufukwe mweusi ti, na povu jeupe likiupiga. Hakuna mkono wa mto unaoingia baharini, hakuna mikoko, hakuna tope la kahawia kama lile tunaloliona Rufiji. Nilijua kwa vitabu kuwa Ngazidja haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Lakini kujua na kuona ufukwe mzima usio na mdomo wa mto ni mambo mawili.

Uwanja wa ndege wa Hahaya umezungukwa na lava. Siyo mawe yaliyotawanyika. Ni mito ya mawe, imeganda ilipofika, ina mabonde na migongo, na nyasi zinaanza kuikalia. Barabara ya kuingia mjini inakatiza humo humo. Jua lilikuwa linazama upande wa Afrika, na lava badala ya kung'aa inameza mwanga.

Wifi alinipokea kwa machozi na sufuria akaipokea kwa kicheko. Nyumbani kwao, chini ya baraza, kuna birika. Ndilo neno pekee ninalolijua linalofaa: tangi la saruji lililochimbiwa chini, kubwa kama chumba, mfuniko wa bati, na bomba linaloteremka kutoka kwenye paa. Mdomo wa bomba umefungwa kitambaa cha khanga kuukuu. Mkwe wake wifi, bibi wa miaka themanini na kitu ambaye wote humwita koko, alinionyesha namna ya kujua maji yaliyobaki bila kufunua. Alichukua fimbo yake, akagonga ukuta wa birika kutoka juu kwenda chini. Ndu, ndu, ndu. Mlio ukabadilika karibu na kifundo cha mguu wake. Akanitazama. "Mvua bado," akasema, na nikaelewa bila mkalimani. Huu ni msimu wa kusi, mvua kubwa imeshapita, na kilichomo humo ndani ndicho kitakachotumika.

Nimeoga kwa kopo mbili.

Siku ya 3, Alhamisi. Moroni

Bandari ya zamani ni duara dogo la mawe meusi. Maji yakitoka, mashua hulala ubavu juu ya lava kama ng'ombe waliochoka. Nyuma yake umesimama Msikiti wa Ijumaa wa zamani, mweupe, na matao yake ghorofa juu ya ghorofa. Mwaka unaotajwa ni 1427. Nilikaa pale saa nzima. Uzuri wa Moroni wote uko kwenye rangi hizo mbili, na zote mbili ni mawe: jeusi la moto, na weupe wa chokaa iliyochomwa kutoka kwenye matumbawe. Jina lenyewe la mji wengine hulieleza kuwa ni "penye moto".

Makumbusho ni madogo, lakini yana gombessa. Samaki yule ambaye wataalamu walidhani ametoweka pamoja na madinosaria, hadi akavuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938 na wa pili Nzwani, kisiwa jirani, mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua muda wote; hawakuwa na habari kwamba ametoweka. Sisi nasi tunaye, tangu 2003 amekuwa akinaswa Kilwa na Tanga. Lakini kinachonihusu mimi leo ni makazi yake. Mchana hujificha kwenye mapango ya lava, mita mia moja na hamsini hadi mia mbili na kitu chini ya maji. Mteremko wa volkano haukomi ufukweni: hapa ukitoka nchi kavu hatua chache tu umeshaingia kilindini. Kwetu unaweza kutembea maji kupwa mpaka uchoke, maji bado magotini.

Siku ya 4, Ijumaa. Iconi

Nusu siku tu. Iconi ni mji wa kale kusini kidogo ya Moroni, uliokaa chini ya kilima cha majivu ya volkano kilichomeguka upande wa bahari na kuacha genge refu. Wakati wa mashambulizi ya watekaji kutoka Madagaska, miaka mia mbili na kitu iliyopita, wanawake wa Iconi walipanda juu ya genge lile wakajirusha baharini kuliko kuchukuliwa utumwani. Wifi alinisimulia akiwa amegeuka upande mwingine. Mwamba una mistari, tabaka la kahawia, tabaka jekundu, tabaka jeusi, kila moja ni mlipuko wake, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikutaka kumweleza mtu yeyote tabaka ni nini.

Mchana wali wa nazi na mataba, ambayo ni kisamvu kwa jina lingine. Koko anashangaa mimi kutaka kupanda mlima. Watu wanashuka mlima, anasema, hawaupandi.

Siku ya 5, Jumamosi. Kupanda Karthala

Tumetoka Mvouni saa tisa usiku na tochi za kichwani: mimi, kijana anayetuongoza, mwenzake wa kubeba mizigo, na Wafaransa wawili wasio na maneno mengi. Karthala, volkano ya kisiwa hiki, ina mita 2,361. Si Kilimanjaro, lakini Kilimanjaro hukuanzii karibu na bahari.

Sharti la kwanza alilolitoa kiongozi lilikuwa maji. Kila mtu lita tano, mgongoni mwake, hesabu yake. Huko juu hakuna chemchemi wala kijito. Nilidhani ni tahadhari ya kuwatisha wageni. Kufika saa mbili asubuhi tulikuwa ndani ya msitu umelowa mpaka unachuruzika, kangaga zimenizidi urefu, kuvumwani zinaning'inia kwenye matawi, ukungu unaingia hadi kwenye nyusi. Kila kitu kina maji. Lakini ardhini, hakuna. Hakuna dimbwi, hakuna mfereji, hata matope ni haba. Nikasimama nikamuuliza, mvua yote hii inakwenda wapi? Akapiga mguu chini. "Mlima unakunywa, mwalimu."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ninachokifundisha. Ubaoni huwa nasema: "Lava changa ina vinyweleo na nyufa, hivyo maji hupenya." Sentensi moja, watoto wanaandika, tunaendelea. Chukua kipande cha jiwe la hapa mkononi. Ni chepesi kuliko kinavyoonekana. Kimejaa matundu, makubwa kama punje ya mtama, mengine kama tundu la sindano: gesi zilikuwa zinatoka lava ikiwa bado uji, jiwe likaganda kabla halijamaliza kupumua. Juu ya jiwe hilo kuna jingine, lililomwagika miaka mingine, na kati yao uchafu wa kokoto za moto zilizolegea. Sasa panga hivyo kilomita mbili kwenda juu. Mvua ikinyesha juu ya kitu cha namna hiyo haina sababu ya kutafuta bonde. Inanyooka chini mpaka inakutana na maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya chumvi, chini kabisa ya kisiwa, membamba. Visima vya mji wa Moroni vinachota hapo. Ukichota kwa pupa, karibu na pwani, chumvi inapanda. Mwaka mmoja wa mvua unapita chini ya miguu ya watu wenye kiu, na wao wanakinga ile inayoangukia bati.

Mtu wa Mbagala anaielewa hali hii bila mchoro.

Saa nne raba yangu ya kulia ilifunguka mdomo. Ilikuwa ya mtumba, nzuri, imenichukua kwenye misitu ya Pugu na Pande bila shida. Lakini ardhi hapa ni kama kutembea juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Mbeba mizigo alitoa kamba ya katani akaifunga mizunguko minne, akaivuta kwa meno. Nilipanda nusu ya Karthala na kiatu kilichofungwa kama kuku wa sikukuu.

Juu ya msitu mti unapungua, inabaki miti mifupi ya majani madogo kama sindano, ya jamii ile ile tunayoiona Kilimanjaro juu ya msitu. Mingi imesimama imekufa, myeupe kwa mvua na jua. Nikasikia ndege asiyepatikana popote duniani ila kwenye mlima huu, kijimacho-cheupe wa Karthala, sikumwona. Kisha nyasi zikakoma, ukaja mchanga wa kijivu, na ghafla hapakuwa na mbele.

Kaldera ya Karthala ni shimo la kilomita tatu kwa nne. Sikuandaliwa na kitu chochote. Unasimama ukingoni, na mlima uliokuwa ukiupanda kwa saa kumi na moja unageuka kuwa ganda. Ndani ni uwanda wa majivu na lava ya kijivu na nyeusi, umepigwa nyufa, na katikati kuna shimo ndani ya shimo, Chahalé, kuta zake zimesimama wima. Moshi mwembamba, ni mvuke zaidi kuliko moshi, unatoka kwenye nyufa mbili tatu. Hakuna sauti. Mfaransa mmoja alivua kofia.

Tumeshuka ndani, tumepiga mahema kwenye majivu. Baridi. Kanuni ya nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 niliyoikaririsha wanafunzi inafanya kazi. Khanga mbili na sweta hazikutosha. Chai iliyobaki kikombeni niliimwaga chini kwa makusudi. Haikutiririka hata kidogo. Ilipotea kama imeitwa.

Siku ya 6, Jumapili. Chahalé, na kushuka

Jua linapochomoza, kivuli cha Karthala hulala juu ya bahari upande wa magharibi, pembetatu ndefu ikielekea Msumbiji. Kusini, Mwali imekaa juu ya maji kama kobe. Nzwani mbali zaidi, bluu.

Tulikaa ukingoni mwa Chahalé na kiongozi akasimulia miaka kama mtu anayehesabu wajukuu. 1991, mlipuko wa mvuke: maji ya chini yalikutana na joto, yakaruka na mawe, hata lava mpya haikutoka. Aprili 2005, majivu. Novemba 2005, majivu tena, mabaya zaidi. Mei 2006, ziwa la lava likawaka humu ndani na wingu la usiku likawa jekundu mpaka Moroni. Januari 2007, tena. Akasita, akaongeza la babu zake: 1903, mlima haukutoa moto wala kelele, ulitoa gesi, ukaua watu 17.

Novemba 2005 yeye alikuwa mtoto. Niliuliza kama waliogopa moto. Hapana, alisema, moto haukufika. Majivu yaliangukia paa. Na paa ndilo bomba. Kila bati la upande ule lilijaa vumbi la kijivu, kila birika likaingiwa, maji yakawa mazito, yana ladha ya msumari. Zaidi ya watu laki moja walikosa maji ya kunywa kisiwani, siku ambazo hakuna hata nyumba yao iliyoungua. Mama yake alikuwa anachuja kwa leso, tabaka nne, na bado chini ya sufuria panabaki kitu kama masizi.

Nikakumbuka kile kitambaa kwenye bomba la koko.

Kushuka kulichukua saa saba. Magoti yangu hayataki niyaandike.

Siku ya 7, Jumatatu

Sikutoka. Koko amenikanda miguu kwa mafuta ya nazi huku akinikumbusha alichosema Ijumaa.

Siku ya 8, Jumanne. Kaskazini

Dereva ni mzee aliyeishi Dar miaka ya tisini, Ilala, na Kiswahili chake ni cha Ilala hasa, kina maneno ambayo hata sisi tumeshayaacha. Anamwita kila askari wa barabarani "afande wangu". Tumelizunguka pembe lote la kaskazini naye.

Itsandra ni ghuba ya mchanga mweupe iliyobanwa na mikono miwili ya lava. Mitsamiouli mchanga mrefu zaidi. Baada yake Maloudja, ambako mawe meusi yamesimama ndani ya maji ya feruzi, makubwa kama magari, na mchanga kati yake ni mweupe wa kuumiza macho. Huko nikagundua kosa langu la siku ya kwanza. Nilidhani nimeacha matumbawe Dar nikaja kwenye moto. Mchanga huu ni matumbawe yaliyosagwa. Lava ikishapoa tu ndani ya maji, matumbawe hupata pa kushika, nayo hayaulizi jiwe limetoka wapi. Ngazidja ni changa, kwa hiyo mwamba wake wa matumbawe ni mwembamba, pindo tu. Maore (Mayotte), kongwe kuliko ndugu zake wote watatu, mlima wake umeshachakaa na kuzama kidogo kidogo, na matumbawe yameuzunguka kwa ukuta mkubwa wenye bahari tulivu ndani yake. Huko hata mito ipo, kwa sababu mawe ya zamani yameoza yakawa udongo wa mfinyanzi unaozuia maji. Kisiwa kinahitaji kuzeeka ndipo kijifunze kushika maji.

Ingawa na uzee huo hauaminiki. Mei 2018 Maore ilianza kutikisika, miezi na miezi, na mwaka uliofuata meli ya utafiti ikakuta chanzo: volkano mpya sakafuni mwa bahari, kilomita 50 mashariki ya kisiwa, imeota mamia ya mita kutoka kwenye kina cha mita 3,500. Wameiita Fani Maoré. Wanasayansi bado wanabishana moto wa visiwa hivi unatoka wapi: kama kuna sehemu moja ya joto chini ambayo gamba la dunia linapita juu yake, au ni nyufa za kale zinazohusiana na Bonde la Ufa letu. Ubaoni nitaandika zote mbili na alama ya kuuliza.

Bangoi-Kouni kuna ziwa la chumvi. Gari husimama barabarani, unapanda ukingo hatua kidogo, na unakuta duara la maji kama limechorwa kwa bikari, kuta zake mwinuko mkali zenye vichaka. Upande mmoja ziwa, upande wa pili bahari, kati yake ukingo mwembamba. Magma ilipokuwa inapanda ilikutana na maji, ikalipuka, ikachimba shimo badala ya kujenga mlima. Tulipofika saa nne maji yalikuwa ya kijani kibichi. Tuliporudi kupita hapo saa tisa yalikuwa ya bluu iliyokolea, karibu nyeusi.

"Hapa palikuwa na mji," mzee akasema. Alizima injini kwanza, ndipo akasimulia. Alikuja mgeni mwenye kiu, mtu wa elimu nzito. Akagonga nyumba ya kwanza, hawana maji. Ya pili, hawana. Kila nyumba ina birika, na kila nyumba haina maji. Mmoja tu, mwanamke maskini, akampa kopo. Mgeni akamwambia ondoka na wanao usiku huu. Kulipokucha, mji haukuwepo, yalikuwepo maji, mengi, na hayanyweki.

Nikamuuliza anaamini? Akawasha injini. "Mwalimu, wewe unasema ilikuwa magma."

Mbele zaidi, Ivoini, mgongo wa mawe yenye meno unashuka kuelekea baharini. Wanauita mgongo wa joka. Picha nilizopiga zote zina kidole changu.

Siku ya 9, Jumatano. Singani

Kusini magharibi, peke yangu na daladala zao. Aprili 1977 mlima haukutoka kwa juu, ulipasuka ubavuni, na lava ikateremka ikapita ndani ya kijiji cha Singani, ikaendelea kuelekea baharini. Leo kijiji kipo, kimejengwa juu ya jiwe lile lile, na ukuta wa nyumba nyingi ni lava iliyopangwa. Vitabu vya jiografia huazima maneno ya Hawaii: pahoehoe kwa lava laini iliyojikunja kama kamba, aa kwa ile ya mabonge yenye makali. Hii ni aa. Watoto wanacheza mpira juu yake peku.

Mama mmoja alikuwa analima. Nasema analima kwa kukosa neno. Kila ufa kwenye jiwe ameujaza udongo alioubeba kwa ndoo, na katika kila ufa kuna shina moja la mgomba au mhogo. Shamba lisilo na mita moja ya mraba iliyo bapa. Nikamwuliza kwa Kiswahili changu kama moto ukirudi je. Hakunielewa, au alinielewa. Alinipa ndizi mbili, nikasema marahaba, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeipatia mahali pake.

Jioni nikamuaga koko. Akaniuliza Dar kuna mto? Nikamwambia upo, Ruvu, mkubwa, tunakunywa huo. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za watu wenye bahati.

Siku ya 10, Alhamisi. Dar es Salaam

Ndege iliondoka kwa wakati, jambo lililowakuta abiria wengine bado wanakunywa kahawa. Begi langu limebeba raba iliyofungwa katani, vanila kutoka kwa wifi, na kipande kimoja cha jiwe kutoka uani kwake, saizi ya andazi.

Nimefika Mbagala magharibi ikiadhiniwa. Mume wangu amekaa kibarazani, madumu matupu yamepangwa mstari mbele yake, anasubiri kijana wa mkokoteni. Siku ya nne leo bomba kavu, anasema, na kwenye simtank hajui kimebaki kiasi gani, amechoka kupanda kuchungulia.

Nikaliweka begi chini. Nikachukua kipini cha ufagio, nikaenda nyuma ya nyumba, nikagonga tangi kutoka juu kwenda chini. Ndu. Ndu. Ndu. Mlio ulibadilika karibu na goti.

"Mpaka Jumamosi," nikamwambia. "Tukioga kopo mbili."